Vidole Ukingoni mwa Daftari la Baharia

Mmeniomba niandike habari za kazi yangu ya kujalidi vitabu, nami nimekubali kwa sharti moja: sitaeleza nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Ya cheo yalikwisha siku niliporudisha ufunguo wa karakana, na ya mshahara hayakuwahi kuchukua muda mrefu kusimuliwa. Nitaandika juu ya kazi ya mikono tu. Nyinyi mliobaki hapo karakanani Tukuyu, mnaofunga ripoti za watu kwa springi za plastiki huku mteja amesimama anatafuna karanga, msininunie. Springi ni nzuri, haihitaji gundi wala haikuchomi kidole. Ila sijaona bado mzee anayemrithisha mwanawe springi.

Siku ya kwanza nilivaa gauni la kanisani. Nilidhani kazi ya vitabu ni kazi ya kukaa kitini. Fundi mkuu, Mzee Ambokile, mtu mfupi aliyetembea haraka kama aliyecheleweshwa na mtu mwingine, alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, kisha akanipa kipande cha sabuni.

"Kanawe."

Nikanawa. Akazishika kucha zangu akazipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Kanawe tena, Atupele. Na usikie vizuri. Siku nitakapokuta alama ya kidole chako kwenye karatasi ya mtu, nakurudisha kwa mama yako."

Wiki hiyo niligusa sabuni zaidi kuliko nilivyogusa vitabu. Nilirudi nyumbani Makandana mikono imekunjamana, mama akaniuliza kama nimeajiriwa kwenye vitabu au kwa dobi. Lakini Mzee Ambokile alikuwa na maana yake. Kitabu cha watu kikiingia karakanani kimechanika, kilitakiwa kitoke kizima bila mtu yeyote kujua sisi ni nani. Fundi wa viatu anaweza kugonga jina lake kwenye soli. Sisi hatukuacha kitu. Hata madoa ya vidole vya wasomaji tuliyafuta, kwa kusugua ukurasa polepole na nyama ya ndani ya mkate uliokauka. Kuna miaka mkate ulikosekana kabisa madukani, na Mzee Ambokile akasema vitabu vitakaa na uchafu wao kama sisi tulivyokaa na njaa yetu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache nami navikumbuka kama watu. Sindano ndefu zisizo na ncha kali. Uzi wa pamba tulioupitisha kwenye nta ya nyuki. Mfupa wa kukunjia karatasi, ambao Mzee Ambokile aliuchonga mwenyewe kutoka ubavu wa ng'ombe wa harusi, ingawa hakuwahi kusema ni harusi ya nani. Presi ya chuma ya kubana vitabu. Gundi ya ngozi na mifupa, iliyochemshwa kila asubuhi kwenye jiko la mkaa na kunuka hadi barabarani. Na mwisho mashine ya kukatia, yenye kisu kirefu na mpini ambao ilibidi uuning'inie kwa uzito wako wote.

Hiyo mashine ndiyo nitakayoirudia, kwa hiyo nieleze jinsi ilivyokwenda. Kitabu kilishonwa kwanza, kikapakwa gundi mgongoni, kikakauka. Kisha kilikatwa kingo ili karatasi zilingane, ndipo kikavishwa jalada. Kila kitabu kilikatwa. Hatukuuliza, kama mtu asivyouliza kama viazi vimenywe. Vipande vyembamba vilivyoanguka tulivitupa kwenye debe kando ya jiko, na asubuhi yake aliyewahi kufika aliwashia moto wa gundi. Kwa miaka yote ile hatukununua hata kibiriti cha ziada.

Tulijalidi vitabu vya nyimbo, rejesta za shule, vitabu vya wagonjwa vya hospitali, na Biblia za wazee wa vijijini zilizokuja zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Madukani zikajaa bidhaa ambazo tulikuwa tumeshasahau majina yake. Yakaja madaftari magumu kutoka nje, tayari yana mistari na jalada. Zikaja Biblia zenye zipu. Nani atembee kutoka bondeni kuleta Biblia ishonwe, wakati sokoni kuna yenye zipu? Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja kwenda kuuza mitumba, na siwalaumu, maana waliuza na kupata. Mzee Ambokile alikuwa ameshafariki. Tukabaki wawili, mimi na Efraim, mwanamume wa rika langu, mcheshi, mwenye mikono myepesi na tumbo lisilojua subira.

Ni katika miaka hiyo ndipo Tumpe alipoingia karakanani na kifurushi. Alikuwa mwanamke wa Kisondela, mkulima wa migomba, mwenye sauti ya taratibu. Alinisalimu, akakaa kwenye benchi, akafungua kanga, kisha ganda la mgomba lililokauka, kisha kanga nyingine. Ndani mlikuwa na daftari la rangi ya chai ya maziwa. Lilikuwa limegawanyika vipande vitatu na linanuka moshi kiasi kwamba Efraim aliinua kichwa kutazama kama gundi inaungua.

"Hili ni la babu yake baba," alisema Tumpe. "Linakaa juu ya jiko, darini, pamoja na mbegu za mahindi. Baba amerudi kutoka hospitali, na amesema harudi tena. Anataka kunikabidhi nyumba mbele ya ndugu. Kwetu anayekabidhiwa nyumba anakabidhiwa na hili. Sasa ukilishika linaanguka, dada. Baba mdogo anasema kitu kinachoanguka hakikabidhiwi, tena kwa mwanamke."

"Baba yako anataka lini?"

"Yeye anataka leo. Mungu ndiye hajasema."

Nikalichukua. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza, kwa wino uliogeuka kahawia. Nilimwita Mwalimu Koku, aliyeletwa kufundisha sekondari kwetu kutoka Bukoba na ambaye alipenda kuja kunisumbua na vitabu vyake, anisaidie kupanga kurasa. Alisoma kidogo, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Atupele, hii ni meli!"

Lilikuwa daftari la baharia wa meli ya wamisionari, ya moshi, iliyokuwa ikipita Ziwa Nyasa karne ya kumi na tisa, kabla hata ya bibi zetu kuolewa. Halikuwa la nahodha, lilikuwa lake mwenyewe. Ukurasa wa jina ulishapotea. Kila siku aliandika upepo umetoka wapi, wamenunua kuni kiasi gani, nani ana homa. Walipofika mwisho wa ziwa, upande wetu, aliandika mvua, na kesho yake mvua, na keshokutwa hakuandika kitu, nadhani kwa hasira. Aliandika kwamba wamisionari waliimba vizuri asubuhi na kutapika vizuri jioni. Siku moja aliona moshi mkubwa juu ya maji, akaamini chombo cha watu kinaungua. Wakageuza meli kwenda kuokoa, wakaingia katikati ya wingu la wale wadudu wadogo wa ziwani. Mtu yeyote wa Kyela angemwambia alete kikapu, maana ni kitoweo. Mdudu mmoja bado alikuwa amebanwa kwenye ukurasa huo. Kanuni ya kazi ilitaka nimtoe. Mwalimu Koku alinisihi kama anayemwombea mtu, nikamwacha.

Na babu yake Mzee Asajile, baba wa Tumpe, alikuwemo. Baharia hakuandika jina lake. Aliandika habari za mkata kuni mrefu ambaye mizigo yake haikupungua kamwe. Mwishoni homa ikamshika baharia, meli ikaondoka bila yeye, na mkata kuni huyo akamweka kwake, akamnywesha maziwa na uji wa ndizi mpaka chombo kingine kilipokuja. Daftari lilibaki. Ni zawadi au alilisahau, Mwalimu Koku hakuona jibu, na Tumpe alisema kwao hawajawahi kuuliza.

Nilifanya kazi ile kwa furaha niliyokuwa nimeisahau. Nilikunja upya, nikatia viraka kwenye mikunjo, nikashona kwa uzi mwembamba, nikapaka gundi mgongoni. Niliona madoa meusi kwenye kingo za kurasa kadhaa, nikayahesabu katika uchafu wa darini. Nilikusudia kuyafuta kwa mkate. Mkate sasa ulikuwepo kila duka, ila kila nilioutenga ukauke, Efraim aliukuta kabla haujakauka. Nilimgombeza sana. Leo namshukuru.

Siku iliyofuata ilinibidi nipeleke rejesta Igogwe, hospitalini. Nililiacha daftari kwenye presi likikauka. Nilirudi mvua imenikamata njiani, nikapitiliza nyumbani.

Asubuhi nilimkuta Tumpe kwenye benchi, amelowa hadi magotini. Efraim alikuwa amechuchumaa anawasha jiko. Daftari lilikuwa mezani.

"Nimekurahisishia kazi, dada Atupele," alisema Efraim bila kugeuka. "Jana nimelikata mbele. Juu na chini bado, kengele ya kufunga kazi ilinikuta."

Ukingo wa mbele ulikuwa umenyooka kama rula. Kazi safi. Tumpe alilipokea kwa mikono miwili, akafunua, akafunua tena, akarudi nyuma.

"Dada, vidole viko wapi?"

"Vidole gani?"

"Vya babu yake baba. Cha baba yake baba. Cha baba."

Akanionyesha. Yale madoa meusi yalikuwa yamebaki nusu nusu, yamekatwa katikati. Akanieleza kwa haraka, akimeza mate. Mkata kuni hakujua kuandika, basi kila alipoleta mzigo, baharia alimpaka masizi ya tanuri la meli kwenye kidole gumba, akabonyeza ukingoni mwa ukurasa wa siku hiyo kuwa kuni zimefika. Alipokufa, mwanawe alipaka masizi ya jikoni akabonyeza chake kwenye ukurasa uliofuata. Kisha Mzee Asajile naye. Hakunieleza mwanzo kwa sababu kwao hata mtoto anajua, na mtu haelezi kinachojulikana.

Nikageuka. Efraim alikuwa amekwisha kushika vipande mkononi na vingine vinawaka chini ya sufuria ya gundi.

Nilipiga teke sufuria, nikaingiza mkono jikoni. Kovu mnalolijua, mlilokuwa mkisema ni la pasi, ndilo hilo. Efraim alimwaga ndoo ya maji juu ya moto, juu ya gundi na juu yangu, na chumba kikajaa moshi na harufu ambayo nguo zangu hazikuisahau.

Tulimwaga debe lote mezani. Humo mlikuwa na vipande vya rejesta, vya vitabu vya nyimbo, vya wiki nzima, vimechanganyika. Lakini vyetu vyote vilikuwa vyeupe na vya daftari vilikuwa vya rangi ya chai. Ule moshi wa darini, ambao nilikuwa nimeulalamikia tangu siku ya kwanza, ndio uliotutambulishia kila kimoja. Efraim alikuwa akilia na kuokota, kuokota na kulia. Tumpe alikaa nasi akipanga, hakumlaumu mtu. Hadi mchana tulikuwa na vipande vya vidole vyote vya mkata kuni, na cha mwanawe. Cha Mzee Asajile hakikuwepo. Kilikuwa kimeungua.

Tumpe akasema, "Baba mdogo amepanga kuja Jumamosi. Atafungua ukurasa wa kidole cha baba kwanza."

Kazi iliyofuata ndiyo ninayojivunia kuliko zote, na nasema hivyo bila aibu. Kuunga ukingo kwenye kitabu ambacho kimeshashonwa, ukurasa kwa ukurasa, bila kukifumua, Mzee Ambokile hakunifundisha kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuifanya. Nilihitaji karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Tulikuwa hatujaiona miaka mingi. Ndipo nikakumbuka duka jipya la viatu pale mjini: kila jozi kutoka nje ilikuja imevikwa karatasi laini kama ngozi ya kitunguu. Muuzaji alinipa furushi zima, akidhani nataka kufungia maua ya harusi. Kwa hiyo ruksa iliyotunyang'anya wateja ilitupa angalau karatasi.

Nilipika gundi ya wanga, nyepesi. Nilimfundisha Efraim kushika kipande kwa ncha ya sindano mpaka nusu ya mstari wa baharia ikutane na nusu yake, wino kwa wino. Safari hii hakuna aliyekula mkate. Katika mvua ya Tukuyu hakikauki kitu, kwa hiyo kila ukurasa niliupitishia pasi ya mkaa juu ya karatasi ya kukaushia, kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa bendeji. Palipoungua niliweka kipande kitupu, cheupe. Nilijua kuchovya karatasi kwenye chai ifanane. Sikufanya hivyo. Mbele ya kidole cha mtu sikutaka kudanganya rangi.

Jumamosi nililipeleka mwenyewe. Kutoka barabarani tulitembea na Tumpe migombani, kwenye tope, daftari nimelifunga kwa nailoni kifuani. Mzee Asajile alikuwa amelazwa jikoni, karibu na moto, amekonda mashavu lakini macho makali. Mdogo wake, Gwakisa, alikaa kwenye kigoda pamoja na ndugu wengine.

"Mugonile, tata," nilimsalimu kwa Kinyakyusa, nikimwita baba.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru. "Lete."

Alilinusa kwanza. "Bado linanuka jiko," akasema, akaridhika. Kisha akapitisha kidole kwenye kila alama, polepole, kama anayesalimia watu msibani. Alipofika kwenye yake, akasimama.

"Na mimi nusu yangu imeenda wapi?"

Tumpe alitaka kusema, nikamtangulia. "Imeungua, tata. Karakanani kwetu. Vidole vilikatwa kwa mashine, chako kikaingia kwenye moto wa gundi."

Gwakisa alikohoa.

"Kaka, mnaona wenyewe. Alama yako imeungua. Utamkabidhi mtu nini hapo? Tungoje, tufikiri."

Mzee Asajile akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Tumpe akamshika mgongo mpaka kikapita.

"Gwakisa," akasema, "iliyoungua ni karatasi. Kidole ninacho."

Akaunyanyua mkono. Tumpe alipanda kwenye kigoda, akakwangua masizi kwenye boriti za dari, akampaka. Tumpe akashika kiwiko, mimi nikashika daftari, na Mzee akabonyeza, nusu juu ya karatasi ya moshi, nusu juu ya karatasi nyeupe ya viatu. Kikakaa pale kizima, cheusi, kimepinda kidogo.

"Umeona?" alimuuliza mdogo wake.

Gwakisa aliinama akatazama. "Nimeona, kaka."

"Sasa mtoto."

Tumpe akabonyeza chake ukurasa uliofuata. Mzee alimwekea daftari mapajani, na wale ndugu wakasema "ndaga fijo", asante sana, mmoja baada ya mwingine, Gwakisa wa mwisho, lakini alisema.

Nikaanza kukunja nailoni yangu. Mzee akaniashiria nisimame.

"Na wewe, fundi. Nyuma huko, kwenye karatasi uliyoiweka mpya."

"Hapana, tata. Sisi mafundi hatuachi kidole."

"Nani alisema?"

"Aliyenifundisha kazi. Alisema siku atakayokuta alama yangu, atanirudisha kwa mama yangu."

"Yuko wapi huyo?"

"Amefariki."

"Na mama yako?"

"Naye pia, tata."

"Basi hakuna wa kukurudisha, wala pa kurudishwa. Weka."

Tumpe alinishika mkono, ule usio na bendeji, akanipaka masizi. Nilibonyeza. Kazi yangu yote, rejesta zote, vitabu vyote vya nyimbo, hakuna hata kimoja chenye alama yangu. Pale iliingia, na kila mstari wa ngozi ulionekana. Nililia, na sikujificha.

Mzee Asajile alizikwa kabla mvua hazijaisha. Daftari liko kwa Tumpe, darini, na mbegu. Mwezi uliopita, mliponiaga, mlinipa cheti kizuri chenye muhuri, nami nimekitundika sebuleni na ninawashukuru. Lakini siku ile ya Kisondela niliteremka peke yangu hadi barabarani kwenye mvua kubwa, mwavuli sina, nimelowa kila mahali isipokuwa kidole kimoja, ambacho nilikificha kwapani njia nzima ili masizi yasitoke.